Ncha ya almasi kwenye lethi ya zamani: ninunue au nitatupa hela?

MkerezaKizota

Wakuu habari za jioni. Niende moja kwa moja, bando lenyewe linaishia.

Mimi ni fundi mkereza, natumia lethi, ile mashine inayozungusha kazi huku kisu kikiichonga, nipo Kizota hapa Dodoma. Kazi zangu nyingi ni shafti na bushi za mashine za kukamua alizeti, puli za mashine za kusaga, mara mojamoja shafti ya pampu kwa wenye mashamba ya zabibu. Hizo hazinisumbui. Sasa kuna mteja kaniletea kazi ya kalibu za alumini, duara la milimita 80, unene 12. Anataka kumwagia plastiki atengeneze vifuniko vya taa za sola. Masharti yake: uso ung'ae mtu ajione, na kipenyo kisizidi wala kupungua mikroni 20 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Kaniachia na sampuli iliyotoka nje, ukiitazama unaziona hadi nywele za pua.

Ninachopata mimi: uso unatoka na ukungu. Ukingoni kuna nafuu, ila kadiri kisu kinavyoelekea katikati unachafuka na kuchanika. Halafu kipenyo nikipima kazi ikiwa bado kwenye mashine kipo sawasawa, nikipima jioni kimepungua. Kisu ni kabaidi (ile ncha ngumu ya tungsteni) ileile ninayokatia chuma, pua yenye rediasi ya milimita 0.4, mzunguko 300 kwa dakika, fidi, yaani mwendo wa kisu kwa kila mzunguko, milimita 0.2, na pasi ya mwisho nachukua milimita 0.01 ili uso usafishike.

Jamaa yangu wa Kariakoo anasema ninunue ncha ya almasi, nikiifunga tu mambo yamekwisha, na nitakatia hadi chuma miaka na miaka. Bei yake inauma. Ninunue?

Chizi_wa_AreaD

Nunua mkuu. Almasi ni almasi.

SitiYaMbele

Nimeshakaa, waje wataalamu.

DadaSpindo

Kaka, hela ibaki mfukoni kwanza. Na hilo la kukatia chuma lifute kabisa kichwani. Almasi ni kaboni tupu, na chuma kinaipenda mno kaboni. Pale kwenye ncha kuna joto na mgandamizo mkubwa, almasi inageuka grafaiti na kaboni yake inahamia kwenye chuma. Inalika upesi ajabu. Wala si kwamba chuma ni kigumu kuliko almasi, hiyo ni kemia tu. Ndiyo maana watu wa lenzi na vioo vya darubini huitumia kwenye alumini, shaba, brasi, jemaniamu na plastiki ya akriliki. Wakiwa na kalibu ya chuma, wanaipaka kwanza tabaka la nikeli yenye fosforasi, kisha wanakereza hilo tabaka, chuma chenyewe hakiguswi. Na kama shida yako ni chuma kilichokomazwa kwa moto, kina ncha zake, ulizia CBN, yaani za boroni naitraidi.

Kwenye alumini hapo sawa, almasi iko kwao. Zile rimu za gari zinazometa uso zimepitiwa na almasi. Lakini ziko za aina mbili. Hiyo anayokuuzia jamaa yako bila shaka ni PCD, yaani punje ndogondogo zilizoshikizwa pamoja kwa kobalti. Inadumu na inatoa uso safi, ila makali yake ukiyatia kwenye hadubini utaona mapengo ya punje. Ule uso wa kioo unatokana na almasi ya punje moja nzima, makali yake yamechongwa hadi mviringo wa makumi ya nanomita. Na inafungwa kwenye mashine ambayo spindeli yake (mhimili unaozungusha kazi) inaelea kwenye hewa, haina beringi za gololi. Ukiifunga kwenye lethi iliyochoka unaweza kuimegua kabla ya chai ya saa nne. Almasi ni ngumu lakini haivumilii kugongwa.

MkerezaKizota

Asante dada. Kumbe nilikuwa naenda kuungua. Kwa hiyo tatizo langu siyo ncha?

FundiMstaafu

Kijana, ncha imo, lakini siyo kwa sababu ya bei yake.

Umesema neno moja kubwa ukalipita: ukingoni afadhali, katikati pabaya. Piga hesabu ya spidi. Pai mara 80 mara 300, gawa kwa 1000. Ukingoni unapata mita 75 kwa dakika. Ukifika penye kipenyo cha 10, mashine inazunguka vilevile ila spidi ya kukata imeshuka hadi mita 9 na kidogo. Alumini kwa spidi ndogo inagandia kisu. Inajijenga juu ya makali, yenyewe ndiyo inakuwa kisu, halafu inabanduka na kuuchana uso, inajijenga tena. Chomoa hiyo ncha uiangalie kwa lenzi. Utakuta donge jeupe limekaa puani. Hilo ndilo linalokufanyia kazi, kabaidi imekaa nyuma inatazama.

Panda hadi mizunguko 1200 kama chaki yako (ile yenye meno yanayoshika kazi) inaruhusu na kazi imeshikwa vizuri. Ukingoni itakuwa mita 300, alumini haina neno na hiyo. Paka mafuta ya taa kwa brashi, kidogokidogo, na asiwepo anayechomelea karibu. Katikati kabisa spidi ni sifuri kwa lethi yoyote duniani, kwa hiyo pale kinachoamua ni urefu wa kisu. Kikiwa chini ya senta ya mzunguko kinabakiza chuchu, kikiwa juu kinasugua.

Sasa hiyo 0.01 yako. Ncha za kukatia chuma haziachwi na makali ya wembe. Zinasuguliwa kiwandani makusudi zisimeguke, na ukingo wake unabaki na mviringo wa kama mikroni 20 hadi 50. Wewe unachukua mikroni 10, na kwa kuwa pua ni duara, maranda yanakuwa membamba zaidi ya hapo. Maranda yakishuka chini ya robo au theluthi ya ule mviringo, hayatoki. Alumini inapita chini ya kisu, inakandamizwa, nyuma inainuka tena. Hapo unapiga pasi, hukati. Tafuta ncha za alumini, zile zilizonolewa kali, zimeng'arishwa juu, hazina rangi ya dhahabu. Pasi ya mwisho chukua 0.1.

Na fidi. Kina cha mifereji inayobaki ni fidi mara fidi, gawa kwa mara nane ya rediasi ya pua. Kwa 0.2 na pua ya 0.4 unapata mikroni 12.5. Huo siyo uso wa kujitazama, huo ni shamba lililopigwa matuta. Fidi 0.05 kwa pua ya 0.8 inakupa chini ya nusu mikroni. Hiyo ni kwenye karatasi, mashine yako itaongeza ya kwake.

Nkuhungu_1

Mzee shikamoo. Hiyo nane imetoka wapi?

FundiMstaafu

Marahaba. Chora duara la pua, lisogeze kwa fidi moja, chora tena. Katikati yao kunabaki kilele. Kipime kwa Pythagoras ya kidato cha pili, utaikuta nane inakusubiri.

BintiChimwaga

Mie naongelea kipenyo kinachopungua, naona wote mmekiruka.

Alumini inatanuka kama mikroni 23 kwa kila mita moja kwa kila nyuzi moja ya joto. Kazi ya milimita 80 ikitoka kwenye kukerezwa ikiwa na nyuzi 60, ukaipima hapohapo, halafu jioni imeshuka hadi 25, tofauti ni nyuzi 35. Zidisha: mikroni 64. Mteja kakupa nafasi ya 20 juu na 20 chini. Kwa hiyo fundi unaweza kuwa umekata sawa kabisa, kisha baridi ikakuharibia. Vipimo vya michoro duniani kote vinahesabiwa kitu kikiwa nyuzi 20, na karakana za bati za Dodoma mwezi wa kumi na moja saa nane mchana hazijui habari hizo.

Cha kufanya: kereza mbavu na uso, bakiza 0.2. Iache kazi mezani ilale pamoja na maikromita. Asubuhi kabla bati halijapata moto, malizia, tena kwa pasi ndogo isiyozalisha joto. Ukipima usiikumbatie maikromita kiganjani, nayo ni chuma na inatanuka.

Wenzetu wa vioo hili ndilo linawala pesa kuliko hata almasi. Kule Livermore, California, miaka ya 1980 walijenga lethi kubwa ya almasi kwa ajili ya vioo vikubwa, na sehemu kubwa ya akili iliyotumika pale ilikuwa kuzuia joto lisibadilike. Mashine nyingi za namna hiyo zinakalishwa juu ya jiwe la graniti kwa sababu linachelewa kupata joto na linameza mtetemo. Graniti! Sisi tumezungukwa na vilima vyake tunaponda kokoto.

Chizi_wa_AreaD

Kumbe tumekalia uchumi.

DadaSpindo

Niongezee kwa binti. Unaishikaje hiyo kazi? Kama ni chaki ya meno matatu na umekaza kwa hasira, unaikamua katika sehemu tatu. Unakereza duara zuri, ukilegeza inarudi na kuwa na pembe tatu zilizolala. Mbaya zaidi maikromita haikuonyeshi, maana umbo la pembe tatu za namna hiyo ukilipima huku na huku linakupa namba ileile. Na uso nao unaweza kutuna kidogo. Tengeneza meno laini ya alumini, yakereze yakiwa yamefungwa palepale kwenye chaki hadi yafuate duara la 80, ndipo ushike kazi kwa upole. Kisu nacho kimetoka nje ya kishikio kiasi gani?

MkerezaKizota

Kama milimita 60 hivi. Meno ni yaleyale ya chuma.

FundiMstaafu

Rudisha 30. Kuinama kwa kisu kunafuata urefu kwa kipeo cha tatu. Ukipunguza urefu nusu, kuinama kunabaki moja ya nane, na hujatoa hata shilingi. Kaza na gibu za slaidi, vile vipande vinavyoondoa uchezaji.

Mtumba_Fundi

Je, hapo Kizota jirani yako hana mashine ya kusaga? Nauliza kwa sababu mie nilikuwa naona mawimbi kwenye kazi, kumbe kila jirani akiwasha kinu sakafu nzima inacheza.

MkerezaKizota

Yupo. Tena ukuta ni mmoja.

Mtumba_Fundi

Basi pasi ya mwisho subiri azime. Au umnunulie soda.

MkerezaKizota

Mrejesho wakuu. Nimepata ncha za alumini za kabaidi, zilitoka Dar na basi. Nimekereza meno laini, kisu 30, mzunguko 1200, fidi 0.05, mafuta ya taa, alfajiri kinu kikiwa kimezimwa. Ukungu umekwisha hadi karibu na katikati. Kipenyo kiko ndani ya nafasi aliyonipa na jioni hakijahama. Sura yangu naiona, ila ina mistari myembamba, na ukiigeuzia taa inatoa rangirangi. Siyo kama sampuli.

DadaSpindo

Hongera! Hizo rangi ni mifereji ya fidi inatawanya mwanga, hata sehemu zilizokatwa kwa almasi halisi zinayo kwa mbali. Chukua lenzi upime nafasi kati ya mstari na mstari. Ikiwa ni 0.05, huo ni mchoro wa fidi yako, mashine inasema kweli. Ikiwa pana zaidi na inajirudia kwa mpangilio, hiyo ni beringi au skrubu ya kusukumia.

MkerezaKizota

Mingi inafuata fidi. Ila kuna mawimbi mapana juu yake, hafifu.

FundiMstaafu

Hayo mapana ni spindeli. Hapo ndipo lethi yako ilipofika. Hata ukiifunga almasi ya punje moja, itayachora mawimbi hayohayo, tena kwa usafi zaidi. Sasa mrudie mteja umuulize: hivyo vifuniko vinakusanya mwanga kama lenzi, au ni vya kufunika taa tu? Kama ni lenzi, mwambie ukweli, hiyo kazi haitoki Kizota wala haitoki kwangu. Kama ni kufunika, maliza kwa msasa wa maji, 800, 1200, 2000, kisha pasta ya kung'arishia kwenye kitambaa. Usikae sana sehemu moja wala usiukaribie ukingo, mkono unaulaza ukingo na ubapa unapotea.

BintiChimwaga

Na PCD ifikirie siku akikuletea oda ya kalibu nyingi. Faida yake kwako itakuwa kudumu na kutogandiwa, siyo kung'aa.

MkerezaKizota

Nimempigia. Ni vya kufunika tu! Kasema hata mistari haimsumbui, alichokuwa anakikimbia ni ule ukungu. Nilitaka kulia. Nashukuruni sana, mzee na dada zangu. Jamaa wa Kariakoo nimemwambia atafute mteja mwingine.

Nkuhungu_1

Mkuu hizo ncha ulizoagiza zinaitwaje? Na mimi nina kazi ya alumini.

MkerezaKizota

CCGT 09T308, isiyo na rangi. Zipo na 09T304, hiyo pua yake ni 0.4. Hakikisha kishikio chako ni cha saizi hiyo, na herufi ya tatu iwe G. Zenye M hazijanolewa makali.

Kibaigwa_Mafuta

Wakuu samahani kuingilia uzi. Nina mashine ya kukamua alizeti, bushi za bronzi zimeliwa, shafti inacheza. MkerezaKizota unachukua kazi za nje ya mji?

MkerezaKizota

Nachukua mkuu. Njoo na shafti yenyewe, usije na bushi peke yake. Na uje jioni, ilale hapa, tutapima asubuhi.