Mtandao umemjuaje mama mwenye nyumba wangu?

Mpangaji: Wakuu, kuna mtandao nimejiunga juzi, namba ya mtu sijaweka, mara unaniletea mama mwenye nyumba wangu wa zamani eti huenda namfahamu. Wamejuaje?

Fundi_Simu: Hata kama hujaruhusu kontakti, yeye akiruhusu za kwake na namba yako imo, mmeshaunganishwa mkuu. Ingia setingi za simu uzime kontakti na lokesheni.

Dada wa Pwani: Na zile kwizi za kukupima tabia achaneni nazo jamani, Cambridge Analytica, ile kampuni ya Uingereza ya kampeni za siasa, walipata data za watu hadi milioni 87 wa Facebook kupitia app ya hivyo hivyo, waliojibu wenyewe wachache tu, wengi ni marafiki zao hawakuulizwa hata kidogo, inauma sana.

Mpangaji: Nimezima, shukrani. Namba zilizokwishapakiwa kwenye mtandao zinafutika?

Fundi_Simu: Za kwako ndiyo, zilizotoka kwenye simu ya huyo mama mpaka afute mwenyewe.