Naomba ushauri: vipimo vya damu vimetulia, kwa nini mdogo wangu apigwe picha tena?

Kaka wa Mbagala
Habari zenu ndugu zangu. Mdogo wangu wa kike, mwenye miaka 27, alihangaika karibu mwaka mzima na uchovu, homa za jioni na mkono wa kushoto uliomchoka hata akifua nguo chache, akitibiwa malaria na taifodi, mpaka muuguzi mmoja alipompima presha mikono yote miwili na kukuta 138 kulia na 96 kushoto. CT scan ilionyesha kuta za aota (mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni) na za mshipa wa chini ya mtulinga unaopeleka damu mkono wa kushoto zimevimba, tukaambiwa ni ugonjwa wa Takayasu, yaani uvimbe wa kuta za mishipa mikubwa ya damu. Ametumia prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, miezi sita. ESR na CRP, vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe mwilini, zimeshuka, lakini daktari anataka apigwe picha ya MRI. Je, ni lazima? Gharama zinatuelemea, na ninaihofia mionzi.

Mpiga Picha wa Upanga
Pole sana, kaka. MRI haitumii mionzi bali sumaku, na ndiyo sababu hupendekezwa kwa binti wa umri huo, ambaye atafuatiliwa kwa miaka mingi. ESR ikishuka haithibitishi kwamba ukuta wa mshipa umepoa, kwani uvimbe unaweza kuendelea kimyakimya na kuuziba mshipa huku damu ikionekana safi. Hata hivyo, ukuta mnene peke yake si ushahidi wa uvimbe hai, maana kovu nalo hunenepesha. Kwa hiyo msomaji wa picha anahitaji kulinganisha na ile ya kwanza. Tafadhali nendeni na CD ya CT scan, si karatasi ya majibu tu. Ultrasaundi ni nafuu na huonyesha vizuri mishipa ya shingo, ila aota ya kifuani hufichwa na mifupa na hewa ya mapafu.

Mama Zuhura
Mwanangu, mimi ninaishi na ugonjwa huu. Asiache prednisoloni ghafla kwa sababu anajisikia vizuri. Presha yake ifuatwe ile ya mkono wa kulia, kwani wa kushoto, ambao mshipa wake umeathirika, utawadanganya. Kama atachomwa dawa ya kung'arisha picha, aulize kwanza kuhusu figo, na aseme mapema ikiwa ana ujauzito.

Kaka wa Mbagala
Ahsanteni sana. CD nimeikuta kabatini. Jumatatu tutakwenda nayo kliniki, na nitamwuliza daktari kama ultrasaundi ya shingo inaweza kutumika katikati ya MRI moja na nyingine.