Kibali cha kazi kibaki mikononi mwa mwajiri? Mjadala wa Wapunjabi wa Italia

Mleta mada: Wakuu, Italia inaingiza wafanyakazi wa nje kwa mgao wa kila mwaka, na anayeomba kibali ni mwajiri, si mfanyakazi. Kijana anatoka Punjab, kaskazini mwa India, na deni la dalali kichwani. Akifika, mwajiri asipojitokeza kusaini mkataba, makaratasi yanakwama na deni linabaki palepale. Msimamo wangu: kibali kiwe cha mfanyakazi, ahame nacho.

Juni 2024, mashambani mwa mkoa wa Latina, kusini mwa Roma, mashine ilimkata mkono kibarua Mhindi, Satnam Singh. Hakuwa na makaratasi. Badala ya kukimbizwa hospitali, aliachwa nje ya nyumba alikoishi, mkono wake umewekwa kwenye kreti ya mboga. Siku mbili baadaye alifariki.

Na sheria ilikuwepo! Aprili 2016 Masingasinga (dini ya wengi wa Wapunjabi hawa) kwa maelfu waligoma hapohapo Latina, na mwaka huohuo ikapitishwa Sheria namba 199 ya kuwabana madalali wa vibarua na waajiri wao. Ila nani atakwenda kushtaki, wakati kushtaki ni kujitangaza kwamba huna kibali?

Mchangiaji: Mkuu, umeonyesha upande mmoja. Bonde la Po, kaskazini mwa Italia, Wapunjabi ndio wakamuaji wa maziwa ya jibini za Parmigiano na Grana Padano. Wana mikataba, wana familia, na gurdwara (hekalu) yao kubwa ya Novellara ilifunguliwa na Romano Prodi, waziri mkuu wa zamani wa Italia, mwaka 2000. Mfumo ni uleule. Tena mkulima gani atahangaika kumleta mtu ambaye wiki ijayo anahamia kwa jirani?

Mleta mada: Itazame kazi yenyewe, ndugu yangu. Ng'ombe hukamuliwa mara mbili kwa siku, hata Krismasi. Mkamuaji mzoefu akiondoka, mwenye zizi anaumia siku hiyohiyo. Ndiyo maana anampa mkataba na nyumba pembeni ya zizi, naye anapata kuleta mke na watoto. Figili za Latina zinavunwa na yeyote aliyefika alfajiri kwa baiskeli. Wa Po wanabebwa na ng'ombe, si na kibali. Wa Latina hawana cha kuwabeba zaidi ya haki ya kuondoka.

Na gharama ya safari kailipa mfanyakazi, kwa mkopo. Wenye ndugu Uarabuni chini ya kafala, mfumo unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, mnalijua hili. Sasa mnaopinga mniambie: mkulima anayelipa vizuri anaogopa nini?