Tahadhari za seva: ipi imwamshe msimamizi usiku, ipi ingoje asubuhi?

Mwana wa Langoni
Assalamu alaykum ndugu zangu. Ninasimamia seva za zahanati moja hapa Lamu mjini. Moja huhifadhi rekodi za wagonjwa, ya pili hutunza nakala rudufu. Umeme hukatika, na msimu wa kaskazi chumba cha seva hugeuka tanuri mara kiyoyozi kinapozimika. Nimeweka Zabbix, programu ya kuangalia hali ya seva, nayo hutuma barua pepe kwa kila badiliko: prosesa ikipita asilimia 80, mtandao ukiyumba, programu ikijiwasha upya. Barua zimekuwa nyingi hata wenzangu wameacha kuzisoma, na hilo linanitia hofu, kwa sababu daktari wa zamu ya usiku hawezi kungoja asubuhi ndipo ajue mgonjwa amekwisha kupewa dawa gani. Tahadhari zipi zinastahili kumwamsha mtu? Na intaneti yetu ikikatika, tahadhari yenyewe itanifikiaje?

Fundi wa Malindi
Waalaykum salaam ndugu yangu. Anayeamshwa lazima awe na la kufanya saa ileile. Kama hana, tahadhari hiyo ingoje asubuhi. Prosesa kupanda wakati nakala rudufu inatengenezwa ni kazi yake ya kawaida. Tatizo ni daktari kushindwa kufungua rekodi, basi pima hilo lenyewe: Zabbix ijaribu kila dakika kuingia katika mfumo kama anavyoingia daktari, na ikishindwa mara tatu mfululizo ndipo ikuamshe. Utaratibu huu si mgeni. Nagios, programu nyingine ya uangalizi iliyotoka mwaka 1999 ikiitwa NetSaint, huichukulia hitilafu ya kwanza kuwa ya mpito, na haitumi arifa mpaka majaribio yaliyopangwa yaithibitishe.

Kwa kujaa kwa diski, kiwango cha tahadhari kulia na cha kunyamaza visiwe kimoja. Ikilia kwa asilimia 90, isinyamaze mpaka ishuke hadi 85, la sivyo itakusumbua usiku kucha kwa kupanda na kushuka kidogo tu. Bora zaidi, tumia hesabu ya Zabbix inayokadiria muda uliosalia kabla diski haijajaa, kwani diski yenye asilimia 92 isiyoongezeka haina haraka, ilhali yenye 60 inayojaa kwa kasi inakuhitaji leo. Kisha uunganishe tahadhari kwa utegemezi, ili swichi ya mtandao ikizimika upate habari ya swichi peke yake, si ya kila mashine iliyo nyuma yake.

Mkaazi wa Shela
Nakubaliana na Fundi, nami nijibu la intaneti. Tahadhari isipite katika njia ileile inayolindwa. Zabbix inaweza kutuma ujumbe mfupi kupitia modemu ya laini ya simu iliyochomekwa kwenye mashine yenyewe. Hakikisha modemu na mashine hiyo zote ziko kwenye betri ya akiba.

Kuna jambo ninaloliona zito kuliko hilo. Mashine ya uangalizi ikifa, hutapata ujumbe wowote, na ukimya huo utaudhania kuwa ni salama. Kwa hiyo pawe na mashine ya pili, mbali na kisiwa, inayotarajia ishara kutoka kwenu kila dakika tano na kukupigia simu ishara isipofika. Ningeiweka Mombasa, si ng'ambo: nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini Mei 2024, intaneti ya Kenya ilizorota, na mashine ya uangalizi iliyoko Ulaya ingeweza kudhani kwamba seva zenu ndizo zilizozimika. Nakala rudufu nayo ipimwe kwa umri. Isitarajiwe kutangaza yenyewe kwamba imeshindwa, bali tahadhari ilie saa 26 zikipita bila nakala mpya.

Mwana wa Langoni
Ahsanteni sana. Nimeuelewa mpango wa mashine ya pili. Je, umeme ukikatika niamshwe papo hapo, au betri ikikaribia kwisha?

Fundi wa Malindi
Umeme ukikatika, mlinzi wa zamu apate ujumbe awashe jenereta. Wewe uamshwe ikiwa umeme haujarudi baada ya dakika kumi, au joto la chumba likipita nyuzi 32. Betri ikifika asilimia 30, seva zijizime zenyewe kwa utaratibu pasipo kumsubiri mtu, ili hifadhidata isiharibike. Mkishapanga hayo, chomoeni waya wa umeme mchana, daktari akiwa na taarifa, muone ni simu ya nani inayolia kwanza.