Mjadala: Visu vya springi, pete za ngumi, nunchaku: viruhusiwe kuuzwa na kumilikiwa?

Mzani
Wadau, tulijadili hili kwa utulivu. Nchi nyingi zina orodha ya silaha za mkononi ambazo kuziuza, na pengine hata kuwa nazo tu, ni kosa ingawa hujamgusa mtu: kisu cha springi (ubapa unaruka ukibonyeza kitufe au swichi), kisu kipepeo (chenye mipini miwili inayoufunika ubapa), pete za chuma za ngumi, nunchaku (fimbo mbili fupi zilizoungwa kwa kamba au mnyororo), nyota za kurusha. Hoja yangu ni kwamba orodha hiyo ifutwe. Tubaki na umri wa mnunuzi na adhabu kali kwa anayetisha au kujeruhi.

Wenzetu wameanza. New York ilipiga marufuku nunchaku mwaka 1974, filamu za kung fu zilipopamba moto. Desemba 2018 mahakama ya shirikisho ikasema marufuku hiyo inakwenda kinyume na katiba. Texas iliondoa visu vya springi kwenye orodha mwaka 2013 na pete za ngumi mwaka 2019. Agosti 2024 mahakama ya juu ya Massachusetts nayo ikabatilisha marufuku ya visu vya springi. Uingereza inakwenda upande wa pili: mwaka 1959 ilizuia kuviuza, na tangu 2021 hata kukiweka kabatini kwako ni kosa.

Na niseme wazi: wengi wanaopinga kisu cha springi hawajawahi kukishika. Wanaogopa mlio tu.

BintiTahadhari
Umeomba utulivu halafu ukamalizia kwa kutuita waoga, Mzani? Huo mlio ndio kazi ya kile kisu. Mtu hakibonyezi gizani ili amenye chungwa, anabonyeza ili mwenzake asikie na atoe alichonacho. Isitoshe, aina ile ya ubapa kutokea mbele ya mpini ni mbaya zaidi: unaigandisha tumboni kwa mtu, unabonyeza, springi inamaliza kazi. Marekani yenyewe, na mapenzi yake yote kwa bunduki, ilipiga marufuku kumiliki visu hivi tangu 1958. Kwa nini?

FunditMakali
Dada, hilo la "springi inamaliza kazi" linatoka kwenye filamu. Visu vingi vya ubapa wa mbele siku hizi vinakwenda pande zote mbili: swichi ileile inatoa na kurudisha. Ndani yake springi haikai imekazwa. Inavutika pale tu kidole gumba kinaposukuma swichi. Ikifika mwisho, kishikio, yaani kile kinachounasa ubapa ndani, kinaachia, ubapa unateleza njia yake na kunaswa upande wa pili. Nguvu iliyopo inatosha kuusafirisha ubapa urefu wa mpini na kufunga kishikio, basi. Ncha ikigonga boksi la karatasi au kitambaa cha jinzi njiani, ubapa unasimama katikati na kuning'inia, hausongi mbele wala haurudi. Inabidi uushike kwa vidole uuvute mpaka usikie umenasa. Hata uchafu wa mfukoni au grisi nzito iliyoganda unatosha kuufanya usifike mwisho.

Kinachotakiwa kuogopwa ni kile cha kufunguka ubavuni. Hicho springi yake imejikunja kwenye egemeo, pale ubapa unapozungukia, na imekazwa muda wote kisu kikiwa kimefungwa. Kitufe kikiguswa na ufunguo mfukoni, kinafunguka hapohapo kwenye paja. Ndiyo maana vilivyotengenezwa vizuri vina kizuizi cha kuteleza pembeni ya kitufe, na kitufe chenyewe kimezama chini ya usawa wa mpini.

Kifungu
Na hilo la 1958 lirekebishwe. Sheria ile ya shirikisho inahusu biashara ya kuvuka mipaka ya majimbo, uingizaji kutoka nje, na maeneo yaliyo chini ya shirikisho moja kwa moja. Kumiliki ndani ya jimbo kuliachwa kwa majimbo yenyewe, ndiyo maana Texas iliweza kuamua peke yake. Sheria hiyohiyo ina msamaha kwa mtu mwenye mkono mmoja, ubapa usizidi inchi tatu. Maana yake hata waliotunga walijua kisu hiki kina matumizi halali.

BintiTahadhari
Msamaha wa mwenye mkono mmoja hauwahusu wenye mikono miwili wanaojazana kwenye uzi huu kutetea. Dawa kali nayo ina matumizi halali, lakini haipangwi dukani karibu na pipi.

NgumiSiSilaha
Mnabishana springi, mimi nauliza pete za ngumi. Kisu kinakata kamba, nunchaku ina mazoezi. Pete za chuma zinafanya nini kingine? Zile tundu nne zinakusanya nguvu ya ngumi kwenye eneo dogo la chuma, na ule upande unaokaa kiganjani unapeleka mshindo kiganjani, vidole visivunjike. Matokeo ni mfupa wa shavu au taya kupasuka kwa pigo moja, kutoka kwa mtu ambaye bila pete angeumia mkono mwenyewe. Wauzaji wanajua, wanaziita uzito wa kubania karatasi. Mzani, jibu hili kabla hujafuta orodha.

Mzani
Dada Tahadhari, aliyesema pipi ni nani? Nilitaja umri wa mnunuzi kwenye aya ya kwanza. Unajibu usichosoma.

Chuma Baridi
Tuwe wakweli: kwa England na Wales, kwenye mauaji ya kuchomwa ambapo aina ya kisu inajulikana, kinachoongoza ni kisu cha jikoni. Kipo kila nyumba, hakifungwi, hakina kitufe. Unapiga marufuku umbo halafu kitendo kinahamia droo ya jikoni.

Na umbo lenyewe hawaliwezi. New York walikuwa na kosa la kisu kinachofunguka kwa mvuto. Askari alishika mpini, akakunja kifundo cha mkono kwa nguvu; ubapa ukitoka na kubaki wazi, wewe ni mhalifu. Sasa kisu chochote cha kukunja kikitumika sana skrubu ya egemeo inalegea. Mafundi ujenzi walikamatwa na visu vya kukatia bodi vilivyonunuliwa dukani hadharani. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 2019, baada ya miaka mingi ya kesi.

Kifungu
Hapo ndipo tofauti ya kiufundi inakuwa ya kisheria. Mwaka 2009 forodha ya Marekani ilitaka kuhesabu visu vya kusaidiwa kufunguka kuwa vya springi. Bunge likaingilia mwaka huohuo: kisu chenye mwelekeo wa kubaki kimefungwa, ambacho lazima mkono uusukume ubapa wenyewe ndipo ufunguke, hakimo kwenye marufuku.

BintiTahadhari
Kwa hiyo ukisukuma kijiti kwenye ubapa ni raia mwema, ukibonyeza kitufe kwenye mpini ni jambazi. Vyote vinafunguka kufumba na kufumbua, na vyote vina springi ndani. Basi mimi nasema viingizwe vyote kwenye orodha. Asanteni kwa kunisaidia.

FunditMakali
Si sawa hata kidogo, na anayevisaga pamoja hajafungua hata kimoja kwa bisibisi. Kisu cha kusaidiwa kikiwa kimefungwa, kinachoshikilia ubapa ni springi yenyewe ikiuvuta ndani, au kigololi kidogo kinachokaa kwenye kishimo cha ubapa. Lazima uuvushe ubapa kidogo, ndipo springi inageuka upande na kuusukuma nje. Kwa hiyo kugusa kwa bahati mbaya mfukoni hakutoshi. Cha kitufe hakina kituo hicho cha kati: kishikio kikiachia tu, umefunguka.

Nyuzi Tisini
Hapo kwenye kigololi, Fundi, sema pia kwamba kishimo kinalika. Kisu cha bei rahisi baada ya muda kinafunguka ukikitikisa kichwa chini. Ndicho kile kipimo cha New York kilikuwa kinakamata.

NgumiSiSilaha
Pete za ngumi bado hazijajibiwa.

Chuma Baridi
Zijibiwe vipi, mkuu? Kufuli ya mlango ndani ya soksi inafanya kazi ileile. Mimi kinachonikera zaidi ni sheria ya Uingereza ya kutembea na kisu. Bila sababu maalumu unaruhusiwa cha kukunja tu, makali yasizidi inchi tatu, na kisiwe na kufuli ya kuushikilia ubapa ukiwa wazi. Kwa hiyo kisu chenye kufuli, kinacholinda vidole visikatwe, ndicho cha kosa.

BintiTahadhari
Kisu kisicho na kufuli ni salama kwa anayekata anavyotakiwa kukata. Msukumo uende upande wa makali, ubapa hautajifunga. Anayehitaji kufuli ni anayechoma kwa ncha. Sheria imelenga hapohapo.

FunditMakali
Hapana, dada. Kuchomoa ubapa ulionaswa kwenye mpira au ubao mbichi unautikisa juu na chini, na hapo ndipo unajikunja juu ya vidole. Kuchoma ncha ili kuanzisha tundu kwenye ngozi ni kazi ya kila siku ya mshona viatu.

Nyuzi Tisini
Lakini kufuli nayo isiaminiwe kipofu. Ya kibati cha ubavuni, yaani kibati ndani ya mpini kinachoingia nyuma ya ubapa kuuzuia, tazama kibati kinakaa wapi nyuma ya ubapa ukiwa wazi. Kikigusa ukingo tu, kitateleza. Kikiwa kimevuka mpaka kugonga ubavu wa pili, kimelika. Kijaribu hivi: vidole vyote nje ya njia ya ubapa, shika mpini, gonga mgongo wa ubapa kwa upole kwenye kitabu kinene. Kikijifunga, safisha kwanza sehemu wanapokutana, maana mafuta hapo ndiyo husababisha kuteleza mara nyingi, kisha kagua skrubu ya egemeo. Kama bado kinajifunga, usikirudishe kazini.

BintiTahadhari
Na cha kipepeo je? Hicho kufuli yake ni mkono wako mwenyewe.

FunditMakali
Ndiyo, mipini miwili ukiibana pamoja ubapa hauna pa kwenda. Ni imara kuliko kibati chochote, mradi pini za egemeo hazijalegea. Kile kikomeo cha mwishoni mwa mipini ni cha kukizuia kisifunguke mfukoni tu, usikitegemee wakati wa kukata.