Mjadala: Taji la nguzo lililochakaa, libaki juu au tuweke nakala?

HOJA: Ukarabati wa Jumba la Doge (mtawala wa zamani wa Venice, Italia), ulioanza 1876 chini ya mhandisi Annibale Forcellini, uliteremsha mataji 42 ya nguzo, yaani mawe ya kichwani mwa nguzo, yaliyochongwa majani na sanamu ndogo: 13 ya safu ya chini na 29 ya roshani. Nakala zikapandishwa, mataji ya asili yako kwenye makumbusho ndani ya jumba hilohilo. Je, ndivyo tufanye kwa majengo mengine ya Enzi za Kati?

MWASHI: Ndiyo, pale jiwe lilipopasuka hadi ndani. Taji hupokea uzito wa matao na kuushusha kwenye nguzo nyembamba, kwa hiyo gundi haitoshi. Jenga kiunzi cha mbao chini ya matao ya pande zote, kaza kabari kidogo kidogo mpaka kiunzi kibebe mzigo. Bandika plasta nyembamba juu ya nyufa: ikipasuka, tao limesogea, simama hapohapo. Wanaoharakisha kwa jeki huinua tao kupita kiasi na viungo vya juu hufunguka. Ukirudisha taji, tandika bamba la risasi, ile metali laini, kati yake na nguzo, kama walivyofanya mafundi wa Venice. Bila risasi mzigo huangukia sehemu chache na kingo humeguka.

MHIFADHI: Lililopasuka hatubishani. Nalalamikia kuteremsha taji ambalo limeharibika uso tu. Tazama jani moja la jiwe la Istria, jiwe la chokaa la mataji hayo: mgongoni limeoshwa na mvua, jeupe, chini ya mkunjo kuna ukoko mweusi, na nyuma ya ukoko jiwe linamumunyika kama sukari. Ukoko huo ni jasi, zao la salfa ya moshi kukutana na unyevu na chokaa ya jiwe. Unaondoka! Kwanza shikiza vipande vilivyolegea kwa uji wa chokaa. Kisha paka rojo la karatasi lenye amonia kabonati, funika kwa nailoni, jaribu kipande kidogo kwanza, halafu suuza kwa brashi laini. Ukiruka hatua ya kwanza, rojo litabandua uso wenyewe. Na saruji msiiguse: ni ngumu kuliko jiwe, hufungia maji na chumvi ndani. Kuta za chokaa na matumbawe za Mji Mkongwe, Zanzibar, zimeumia vivyo hivyo.

MCHONGAJI: Naongeza upande wa nakala. Kifaa cha kuhamishia vipimo hugusa nukta. Kati ya nukta na nukta ni mkono wa fundi wa leo. Panapopotea kwanza ni nyuma ya majani, mahali patasi ya zamani iliingia kwa mshazari hadi jani likasimama peke yake. Nakala nyingi hujaza pale, kwa kuhofia ncha isivunjike, na kivuli kinakufa. Kwa mtazamaji aliye chini, kivuli ndicho jani.

MWASHI: Nakubali. Lakini Mhifadhi hajagusa vyuma. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo pini ya chuma iliyounganisha mawe zamani hupasua jiwe kutoka ndani huku uso ukisafishwa.

MHIFADHI: Pini hutafutwa kwa kigunduzi cha metali kabla ya rojo lolote, hutolewa kwa keekee ya bomba, yenye uwazi katikati, na mahali pake huingia chuma cha pua kwa chokaa.

MWASHI: Na ikiwa imekaa katikati kabisa, chini ya mzigo? Keekee yako itapita kwenye majani yaleyale unayoyatetea. Hilo taji mimi nateremsha.