Tupeane uzoefu: gugu au mdudu mgeni aliingiaje shambani kwako?

Mzee wa Kisongo

Wakuu, habari za jioni. Naandika huku najikuna.

Mwaka juzi nilinunua tripu mbili za moramu za kumwaga njia ya getini, maana masika gari ilikuwa inalala barabarani. Mvua ya kwanza tu, pembeni mwa njia vikaota vimea laini, majani yamechanikachanika kama ya karoti. Mke wangu akasema viache, vitatoa maua. Kweli vikatoa, meupe, madogo kama vichwa vya pini. Mama mkwe alipokuja kututembelea akachuma, akayaweka kwenye glasi mezani.

Msimu uliofuata yalikuwa yameshavuka njia, yapo kwenye maharage. Kijana wa kazi akang'oa kwa mikono mitupu siku nzima. Kesho yake kaamka macho yamevimba, mikono imetoka vipele hadi kwenye viwiko. Ng'ombe naye alikuwa ameonja. Mtoto wa jirani anayechukua nusu lita kila asubuhi akairudisha na chupa yake: "Shikamoo. Mama kasema maziwa yana dawa." Nikaonja mwenyewe. Machungu.

Bwana shamba alipokuja hakushuka hata kwenye pikipiki. Akasema hilo ni gugu karoti. Kwao ni Mexico na nchi za jirani zake, na hapa Arusha lilianza kuandikwa kwenye kumbukumbu mwaka 2010. Shina moja likikomaa vizuri linaweza kutoa mbegu zaidi ya 15,000, ndogo kiasi cha kukaa kwenye tope la tairi bila wewe kujua. Tena halihitaji msimu: wiki nne hadi sita tangu kuota, limeshatoa maua.

Sasa sitaki mnitajie dawa, dawa nimeshapiga. Nataka kujua kwako lilipitia mlango gani. Gugu, mdudu, chochote kilichotoka ng'ambo. Nawasilisha.

Binti Kibosho

Kwetu lilipanda Fuso. Wanaotoka migombani watanielewa: ng'ombe wapo zizini juu, majani yanatoka tambarare. Mama alikuwa anaagiza mzigo wa majani na mabua kila Jumamosi. Anayekata kule chini hachagui, anapitisha panga tu. Ng'ombe anachambua anayoyapenda, yanayobaki yanaenda kwenye samadi, samadi inaenda kwenye kahawa na migomba. Tulilipandia mbolea wenyewe, jamani.

Siku hizi mama anafungua kila mzigo getini kabla haujaingia. Wabebaji wanamwita askari wa forodha.

Nyanya Chungu

Mimi ni wa Ngarenanyuki, kwa hiyo mnajua nataka kusema nini. Kantangaze, kiwavi wa nyanya. Jina lenyewe linajieleza, anakutangaza kijiji kizima kwamba umefilisika.

Mwaka 2014 ndipo alipogundulika nchini, na ni huku huku Arumeru. Sisi tulidhani ni ukungu. Jani linakuwa na madoa meupe kama limechomwa na pasi, ukiliinua juani unaona kiwavi ndani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, anatembea zake. Hapo ndipo penye mchezo: unapiga dawa juu ya jani, yeye amejifungia ndani. Mimi nilipiga mara mbili kwa wiki, nikichanganya kila nilichouziwa duka la pembejeo. Nyanya nikavuna zina matundu karibu na kikonyo, dalali akazipindua mara moja akaondoka bila kuaga.

Mlango? Matenga. Tulikuwa tunapeleka nyanya sokoni, tunarudi na matenga matupu ya yeyote, tunayapanga kichwani mwa shamba. Na mnafu! Mke wangu alikuwa na kijishamba cha mnafu pembeni, mzuri kweli. Tukivuna nyanya tunamaliza, mdudu anahamia kwenye mnafu kutusubiri. Sasa naweka mitego ya harufu ya kunasa nondo madume, masalia nachimbia chini, na matenga ya watu siyapokei hata ya bure.

Chalii wa Himo

Wa kwangu hakuletwa na mtu, alikuja kwa mabawa yake. Kiwavijeshi vamizi. Alionekana Afrika Magharibi 2016, mwaka uliofuata yuko kwenye mahindi yangu. Nondo wake anaweza kuruka kilomita 100 usiku mmoja, utafunga geti gani? Ukimkuta, mwangalie usoni: ana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne yamekaa kama pembe za meza.

Nilichelewa kwa sababu nilipita shambani saa sita mchana. Mchana amejificha kwenye moyo wa mhindi, unaona kinyesi tu kama unga wa mbao. Jirani yangu, bibi wa miaka sabini na kitu, alikuwa anaamka alfajiri na kopo la majivu na mchanga, anatia kipimo cha vidole vitatu kwenye kila moyo. Nilimcheka. Alivuna kunizidi.

Mfugaji Kahe

Mrashia, mti wa miiba. Wakenya wanauita mathenge. Mbuzi wanapenda maganda yake kwa utamu, mbegu wanazitoa zikiwa nzima na kambolea kake, unashangaa boma la zamani limekuwa msitu. Mwiba wake unatoboa tairi la bodaboda. Ukikata unachipua mara tano. Baringo, Kenya, ulipandwa miaka ya themanini kuzuia jangwa, mwisho wananchi wakaishtaki serikali, wakampeleka mahakamani kama kielelezo mbuzi kibogoyo, meno yameishia kwenye maganda hayo.

Mpinzani

Mnalia na wageni, lakini mahindi, nyanya, parachichi, kahawa yenyewe mliikuta hapa? Mgreveria unaotia kivuli kahawa umetoka Australia. Ng'oeni basi vyote.

Mzee wa Kisongo

Mpinzani, umenifikirisha. Mahindi kwao ni Mexico, gugu karoti kwao huko huko. Nyanya kwao Amerika ya Kusini, kantangaze naye. Ni kama mtu aliyehama mji akidhani kakimbia madeni, wanaomdai wakaulizia njia. Tofauti ni kwamba kule kwao kuna wadudu na magonjwa yanayowala hawa wadai. Huku wamefika peke yao, hawana wa kuwakemea.

Mgeni wa Usa

Wakuu, mmenitisha. Nina tripu ya moramu inakuja kesho asubuhi. Nifanyeje?

Mzee wa Kisongo

Usiitandaze. Imwagwe sehemu moja uinyunyizie maji, usubiri kitakachoota. Ng'oa kabla hakijatoa maua, uvae glavu na mikono mirefu. Mbegu hazitaota zote, nyingine hulala ardhini miaka, kwa hiyo hata ukishatandaza pitia kila baada ya mvua. Na mwulize dereva anachimba wapi, ukapaangalie.

Mgeni wa Usa

Dereva kaleta leo usiku badala ya kesho. Kashatandaza mpaka mlangoni, anadai hela ya chai.